Usingizi wa pono: uzi wa tunaofuga pono wa miambani majumbani

Mtoto wa Kizingitini (Hamburg), 8 Januari

Ndugu zangu, salamu. Uzi huu nimeuahidi tangu mwaka jana, na kila wiki kuna mtu ananiuliza kuhusu pono kwenye ujumbe wa faragha. Naona afadhali niandike mara moja tujadiliane wote.

Kwetu pwani mtu akilala asisikie hata adhana huambiwa amelala usingizi wa pono. Bibi yangu aliniambia hivyo kila Jumamosi. Maana yake nilikuja kuiona kwa macho nikiwa na miaka thelathini na minane, nimechutama mbele ya tangi saa tano usiku na kurunzi niliyoifunika kwa nailoni nyekundu. Samaki alikuwa amejibana kwenye upenyo wa jiwe, ubavu umeegemea mwamba, mapezi yametulia, na mwili mzima umezungukwa na kifuko cha ute kilichoangaza kama puto jembamba. Chembe za mchanga zilikuwa zimenata juu yake. Nilimmulika, hakushtuka. Kilichosogea ni mashavu tu, taratibu sana.

Nina tangi la matumbawe la lita 450, mwaka wa tisa sasa. Katika muda huo nimepoteza pono watano. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa ugonjwa. Watatu waliruka nje, wawili walikosa kulala kwa amani. Kwa hiyo mtu akiniuliza pono gani mzuri wa kuanza naye, na mimi namuuliza kwanza: atalala wapi, na juu umefunika kwa nini?

Pono hawa tunaofuga, wale wadogo wa rangi rangi wa ukoo wa Labridae (wrasse kwa Kiingereza), wamegawanyika kwa malazi yao, na mgawanyiko huu una faida kuliko wa rangi au bei.

Kuna wanaolala kwenye mwamba ndani ya kifuko cha ute. Hao ni jenasi ya *Cirrhilabrus*, ya *Paracheilinus*, na yule mdogo wa mistari sita, *Pseudocheilinus hexataenia*. Hawa wanataka mapango na nyufa. Mchanga kwao ni pambo.

Halafu kuna wanaojifukia mchangani: *Halichoeres*, *Macropharyngodon* ambao mimi nawaita pono chui, *Anampses* na *Coris*. Taa zikianza kufifia wanazama kichwa kwanza, mara moja, huoni tena hata ncha ya mkia. Hawa usiponunua mchanga usinunue samaki. Mchanga uwe laini, kina cha sentimita 5 hadi 8, angalau upande mmoja wa tangi. Ukiweka kokoto za matumbawe wanajichubua ngozi na midomo, na kidonda cha mdomo kwa samaki anayekula kwa kudonoa ni njaa.

Nitaendelea kesho na habari ya kufunika, maana hapo ndipo niliumia zaidi.

Kidagaa (Dar es Salaam), 8 Januari

Mkuu shikamoo. Uzi mzuri sana, nimeweka kambi hapa. Mimi ndiyo kwanza naanza, nina tangi la lita 60. Naweza kuweka pono mmoja mdogo? Na je, nikienda Mbudya na miwani ya kuzamia nikamnasa mwenyewe kuna ubaya?

Mtoto wa Kizingitini, 9 Januari

Marahaba Kidagaa. Nakujibu moja kwa moja kwa sababu bado hujanunua, na huo ndio wakati mzuri wa kuuliza.

Lita 60 ni ndogo. Pono haketi. Anaogelea kwa mapezi ya ubavuni, anapiga kama ndege, kutwa nzima, kutoka taa inapowaka hadi inapozimwa. Mimi sianzi chini ya lita 200, na hata hapo ni wale wadogo tu. Tangi refu ni bora kuliko tangi la kwenda juu.

Mbudya ni hifadhi ya bahari, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Hapo hutoi kitu, si samaki wala jiwe. Nje ya hifadhi nako kuna taratibu za leseni, nenda ofisi ya uvuvi ukaulize. Kwa sasa peleka miwani yako ukawatazame. Mimi nilijifunza pono wanavyokula kwa kulalia maji kifudifudi saa nzima, nikajua sababu ya wangu nyumbani kukonda.

Pono hana tumbo kama la samaki wengine. Chakula kinatoka kooni kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Kule kooni ana meno mengine ya pili ya kusagia konokono na kaa wadogo. Sasa kiumbe asiye na mahali pa kuweka akiba, ukimlisha mara moja kwa siku kama unavyomlisha samaki mkubwa, anakonda mgongo mbele ya macho yako huku kila siku anakula kwa pupa. Mimi nalisha mara nne, kidogo kidogo: maisisi (vijikamba vidogo) ya barafu asubuhi, artemia (vijikamba vya maji ya chumvi) mchana kwa mashine, na kadhalika. Ukimtazama kwa mbele ukaona mgongo umechongoka kama kisu, umechelewa lakini bado unaweza kumwokoa.

Sasa habari ya kufunika.

Pono wangu wa kwanza alikuwa *Cirrhilabrus exquisitus*, dume, kijani na wekundu, mapezi yenye ukingo wa buluu. Yule ni samaki wa kwetu. Aliyemweleza kitaalamu ni J.L.B. Smith, mwaka 1957, yuleyule profesa wa Afrika Kusini aliyempa silakanti, yule samaki wa kale, jina lake la kitaalamu. Kibandiko cha dukani kiliandikwa Kenya. Nilimtazama nikaona kama nimekutana na jirani ugenini.

Tangi nilikuwa nimelifunika kwa vioo viwili, nikaacha nafasi nyuma ya kupitisha waya wa pampu. Nafasi ya vidole viwili. Asubuhi ya nne sikumwona. Nilitafuta kwenye mawe, nikatafuta kwenye tangi la chini la kuchujia maji. Mke wangu ndiye aliyemkuta nyuma ya kabati, amekauka, rangi zote zimegeuka kahawia, na kwenye ukuta juu ya kabati kulikuwa na alama ya chumvi pale alipogonga kabla ya kuanguka. Alama ile sikuifuta mpaka tulipohama nyumba ile.

Pono akishtuka anafyatuka. Baharini akifyatuka juu ana mita kumi za maji. Nyumbani ana sentimita ishirini. Anashtuka kwa nini? Taa ya sebuleni ikiwashwa ghafla usiku. Samaki mwenzake akimfukuza. Dume akijionyesha kwa jike, anakimbia huku amepanua mapezi, anasahau ukuta. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu bado hajui mipaka ya nyumba.

Ninachotumia sasa ni fremu ya alumini ya wavu wa dirisha la mbu, ila nimetoa ule wavu mweusi nikaweka wavu mweupe wa nailoni wenye matundu ya milimita 6. Taa inapita, hewa inapita, samaki hapiti. Pembe ya waya nimeikata kwa mkasi kwa kipimo cha waya wenyewe, kisha nimeziba kwa sponji. Kagua pia sehemu maji yanapomwagikia kuelekea tangi la chini. Pono akiona upenyo anauingia.

BinShimoni (Shimoni), 9 Januari

Assalaam alaykum wanangu. Mimi nimezamia samaki wa mapambo miaka ishirini na miwili, sasa nimepumzika, kifua hakitaki tena mitungi. Nina swali kidogo la jina. Kwetu pono ni yule mwenye mdomo wa kasuku, anayekwangua mwamba ukamsikia kabisa chini ya maji, krrr krrr. Hao wadogo wa rangi rangi sisi tulikuwa tukiwataja kwa orodha ya mnunuzi, kwa Kiingereza chake. Sasa nyinyi mmewapa wote upono?

Mtoto wa Kizingitini, 9 Januari

Waalaykum salaam mzee wangu, shikamoo. Nimefurahi sana kukuona hapa.

Kweli nimepanua jina. Ila wataalamu walipochunguza nasaba kwa vinasaba wamekuta pono mdomo-kasuku yumo ndani ya ukoo huohuo wa Labridae, ni tawi lake mojawapo, si ukoo wa kando. Na usingizi wao ni mmoja. Yule pono wenu naye hujifunga kifuko cha ute usiku. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walitoa jibu la kazi ya kifuko hicho: waliwaweka pono wengine na vifuko vyao, wengine wakavuliwa, kisha wakawaachia wale wadudu wadogo wanaofyonza damu ya samaki usiku. Waliovuliwa karibu wote walishambuliwa. Wenye vifuko ilikuwa kama mmoja katika kumi. Ni chandarua, mzee wangu. Samaki anajifumia chandarua kila usiku, asubuhi anakiacha.

Ndiyo maana nawaambia wageni: ukiamka ukaona kitu kama ute unaelea mbele ya pampu, usikimbilie dawa. Hesabu samaki wako kwanza.

BinShimoni, 9 Januari

Marahaba mwanangu. Chandarua. Hilo nitawaambia wajukuu leo.

Nikuongezee jambo moja nililoliona mwenyewe. Hao wa mchangani ndio wa kwanza kulala bahari nzima. Jua likiwa bado juu kidogo, vitatange bado wanazunguka, kangaja bado wanakula, wao wameshazama. Na asubuhi ndio wa mwisho kuamka. Tukizamia mapema hatuwaoni, tunasubiri mpaka jua limepanda. Mnunuzi mgeni aliwahi kutulaumu kwamba mwamba ule hauna samaki. Ulikuwa nao, walikuwa chini ya magoti yake.

Kaka wa Minnesota (Minneapolis), 11 Januari

Habari za humu wakuu. Nina tatizo na nina wasiwasi. Nimenunua pono chui, *Macropharyngodon bipartitus*, jike, madoa meupe juu ya rangi ya chungwa, mzuri kupita maelezo. Nilimtoa kwenye mfuko saa nne asubuhi Jumatano wiki iliyopita. Aliingia tangini, akazunguka dakika mbili, akazama mchangani. Leo ni siku ya sita sijamwona. Mke wangu anasema kafa na ataozesha maji. Nimeshika kijiko cha kuchotea mchanga mkononi ninapoandika. Nichimbe au nisichimbe?

Mtoto wa Kizingitini, 11 Januari

Weka kijiko chini, tafadhali. Wawili wangu nilioandika kwamba walikosa kulala kwa amani, mmoja alikuwa pono chui, na nilimchimba mimi siku ya nane. Alikuwa hai. Nilimparua ubavu kwa kijiko, akashtuka akajigonga kwenye mwamba, hakula tena. Ningengoja siku mbili zaidi huenda angetoka mwenyewe.

Pima amonia, ile sumu inayotoka kwenye kitu kinachooza, asubuhi na jioni. Ikiwa sifuri, huenda yuko hai. Je, duka lilikuambia katoka wapi?

Kaka wa Minnesota, 11 Januari

Walisema Kenya. Alifika dukani Jumanne jioni, mimi nikamchukua Jumatano asubuhi. Amonia sifuri.

BinShimoni, 11 Januari

Huko kwenu sasa saa ngapi mwanangu?

Kaka wa Minnesota, 11 Januari

Saa nane mchana, mzee. Nyinyi nadhani ni saa tano usiku.

Mtoto wa Kizingitini, 11 Januari

Mzee ameshakujibu. Samaki wako bado yuko Kenya. Jua la Shimoni linachomoza saa kumi na mbili asubuhi, kwako wakati huo ni saa tatu usiku. Linazama saa kumi na mbili jioni, kwako ni saa tatu asubuhi. Ulimwachia tangini saa nne asubuhi ya kwako, kwake ilikuwa saa moja usiku. Alifanya jambo ambalo pono yeyote angelifanya saa hiyo.

Mimi huku Hamburg wa Kenya hawanisumbui, tofauti ni saa mbili tu majira ya baridi. Wa kutoka Indonesia ndio hunipa kazi.

Leo usiku fanya hivi. Acha taa ya buluu kwa mwanga mdogo mpaka saa sita. Kuanzia saa tatu na nusu kaa kimya mbali na kioo, mezani si mbele ya tangi, na uweke kopepodi (vijidudu vya majini) hai au maisisi kidogo waelee. Usiwashe taa ya chumba.

Umm Salma (Maskati), 12 Januari

Assalaam alaykum. Wakati tunamsubiri kaka, naomba na mimi niulize. Tangi langu ni lita 300, nina kamba wa kusafisha wawili, konokono wengi, na matumbawe laini. Nilipokuwa napiga mbizi visiwa vya Daymaniyat niliwaona pono wa kijani wenye mkia wa mwezi mwandamo, nikawapenda kwa kasi yao. Watu wa duka wananiambia nichukue. Moyo unasita. Pia kiangazi maji yangu hupanda mpaka digrii 31 kipozeo kikizidiwa.

Mtoto wa Kizingitini, 12 Januari

Waalaykum salaam dada. Moyo wako umesita mahali pake. Yule ni *Thalassoma lunare*. Ni samaki hodari, haugui ovyo, joto analivumilia, lakini kamba wako hatawaacha. Akifika ukubwa wake anapita sentimita 20 na anawatawala wote. Mwache Daymaniyat.

Kwa matumbawe yenyewe karibu wote ni salama, hawali tumbawe. Hatari ni kwa kamba, konokono, kaa, na minyoo ya mapambo. Hapo *Cirrhilabrus* na *Paracheilinus* ndio wapole kabisa kwa sababu chakula chao kinaelea majini, hawana haja na kilichopo chini. *Halichoeres* wadogo wako katikati. Nina *Halichoeres iridis*, wa bahari yetu ya magharibi ya Hindi, mwili wa chungwa kichwa cha manjano, na hajagusa kamba mkubwa. Kamba wadogo wadogo hawakumaliza mwezi. Faida yake ni kwamba wale funza bapa na konokono vimelea wa chaza sijawaona tena tangu aingie.

Halafu naomba wote mtie hili akilini. Dukani utamkuta samaki mwekundu wa urefu wa kidole, ana madoa meupe yenye ukingo mweusi mgongoni, kama kachorwa na mtoto. Ni *Coris* mchanga. Anapendeza sana na bei yake nafuu. *Coris formosa* akikua anaweza kufika sentimita 60, anageuza mawe kutafuta chakula, na rangi ile nyekundu haibaki. Nimeona watu wanahangaika kumtafutia mtu wa kumpokea, na hakuna anayepokea.

Digrii 31 usikubali iendelee, maji ya moto hushika oksijeni kidogo na pono anaitumia nyingi. Feni zinazopuliza juu ya maji zinashusha digrii mbili tatu. Kwa kuwa maji yatapungua kwa mvuke, rudisha maji baridi yasiyo na chumvi.

Maji_Chumvi (Nairobi), 12 Januari

Nachangia ya kwangu. Mimi niko Nairobi, maji naletewa kutoka Mombasa kwa madumu ya lita 20, nayachuja, napima chumvi, ninaweka 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matamu). Mwinuko wetu ni karibu mita 1,700, hewa huku ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo na oksijeni inayoingia majini ni kidogo. Stima ikipotea usiku, pampu zikisimama, wa kwanza kuhema juu ya maji ni pono. Nimenunua pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Kabla ya hita na kabla ya taa, nunueni hiyo.

Jambo la pili ni huyu wa mistari sita. Nilimweka wa kwanza kabisa kwa sababu ni mdogo na watu wanamsifia kwa kula minyoo. Miezi sita akawa mwenye nyumba. Nilipoleta *Cirrhilabrus* jike alimfukuza kutoka kona hadi kona, hakumwuma sana, alimnyima tu kulala. Kila jike akitafuta tundu, yule yuko mlangoni. Siku ya tatu jike nilimkuta amelala wima kwenye mtiririko wa pampu, amechoka. Nililazimika kutoa nusu ya mawe ili nimnase wa mistari sita. Kama ni lazima umweke, mweke wa mwisho.

Mtoto wa Kizingitini, 12 Januari

Hilo la kumnyima kulala umelisema vizuri sana. Yule wangu wa pili aliyekosa kulala kwa amani kisa chake ni hichohicho.

Kwa wanaotaka kuongeza pono mpya kwenye tangi lenye pono wa zamani, mimi hutumia kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, nakining'iniza ndani ya tangi siku tano hadi saba. Mgeni anakula humo, wenyeji wanakuja kumtunishia mapezi mpaka wanachoka. Wa mchangani humwekea bakuli la mchanga humo ndani. Na kwenye karantini vilevile: chombo cha chakula kimoja, mchanga sentimita sita, anaingia analala. Wale wanaotibu vimelea kwa dawa ya shaba wakumbuke mchanga wa matumbawe unainyonya shaba, kipimo chako kitakudanganya, na pono chui hasa hawaivumilii. Mimi nawaangalia wiki nne hadi sita, natumia prazikwanteli kwa minyoo ya matamvua, na shaba siigusi mpaka nione madoa meupe ya ugonjwa.

Kidagaa, 12 Januari

Samahani mkuu, umetaja jike na dume mara nyingi. Nitajuaje? Dukani wanauza tu.

Mtoto wa Kizingitini, 12 Januari

Anza na majike, Kidagaa. Pono wa aina hizi wana maajabu: wengi huanza maisha wakiwa majike, na dume akitoweka jike mkubwa kuliko wote hugeuka dume. Tabia hubadilika ndani ya siku, rangi huchukua wiki na miezi. Nilikuwa na majike watatu wa *Halichoeres iridis*. Mkubwa alianza kuwazunguka wenzake kabla sijaona doa lolote jipya mwilini mwake. Kwa hiyo nunua majike wawili au watatu wa ukubwa tofauti, mengine watapanga wenyewe. Madume wawili wa aina moja usithubutu. Dume akishageuka habadiliki kirahisi kurudi, na tangi halina mahali pa kukimbilia.

BinShimoni, 13 Januari

Wanangu nimewasoma wote. Nina neno moja kuhusu pono ambaye hamjamtaja, mdogo mwenye mstari mweusi na buluu, msafishaji. *Labroides dimidiatus* ndiyo ilivyokuwa kwenye orodha. Aliombwa sana, na tulimtoa sana.

Yule ana kituo chake. Kichwa cha tumbawe kimoja, hapo hapo kila siku, na samaki wanampangia foleni. Chewa mkubwa anakuja anafungua kinywa, yeye anaingia mpaka kooni anatoka. Siku moja nilimnasa mmoja nikamtia kwenye chombo. Niligeuka nyuma kuchukua wavu. Nilipotazama tena walikuwa wamekuja: chewa mmoja, vitatange wawili, na puju, wamesimama pale pale kwenye tumbawe, wamepanua mashavu, wanangoja. Nilizamia mwamba ule siku tatu mfululizo na kila siku nilikuta wanaongoja. Tangu hapo nikitumwa msafishaji nilikuwa nikisema sijamwona. Na ilikuwa baada ya 1998, matumbawe yalipopauka, mwamba wenyewe ulikuwa mgonjwa. Kumtoa tabibu wakati huo kuliniuma.

Mtoto wa Kizingitini, 13 Januari

Mzee wangu, kuna watu waliolipima hilo. Kisiwa cha Lizard, Australia, waliwatoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba midogo na kuendelea kuwatoa kwa miaka minane na nusu. Miamba iliyobaki bila wao ikawa na samaki wachache na aina chache. Wewe uliliona kwa siku tatu.

Na huyu samaki si wa mchezo. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walimwekea alama shingoni mahali asipoweza kuiona isipokuwa kwenye kioo. Alijitazama, akaenda kujisugua chini pale pale penye alama. Nyumbani kwetu anakufa kwa njaa, kwa sababu samaki sita hawana vimelea vya kumshibisha. Kwangu huyu hanunuliwi, na nawaomba wenzangu humu tusimnunue.

Maji_Chumvi, 13 Januari

Nakubaliana. Nilimnunua mmoja mwaka 2020, alidumu wiki saba. Sitarudia.

Kitu kingine kwa wapenzi wa *Cirrhilabrus*: mmesikia yule wa Zanzibari? *Cirrhilabrus wakanda*, alielezwa mwaka 2019, anaishi kwenye miamba ya chini kuanzia mita 50 hivi hadi 80. Magamba ya zambarau, nyekundu ya chungwa kichwani. Mwambao wetu wenyewe, na tulikuwa hatujamwona.

BinShimoni, 13 Januari

Mita hamsini sisi hatukwenda. Mtu mwenye akili hakwenda.

Kaka wa Minnesota, 14 Januari

Wakuu, mzee BinShimoni, shikamoo. Nimekaa siku tatu kabla ya kuandika ili nisiseme uongo.

Usiku wa tarehe 11 nilikaa mezani mpaka saa sita. Hakuna kitu. Mke wangu alilala. Tarehe 12 nilikaa tena. Saa nne kasoro dakika kumi mchanga wa kona ya kushoto ulisogea. Nilidhani ni konokono. Kikatoka kichwa, macho yakazunguka, kila moja upande wake. Alibaki hivyo, kichwa tu, dakika kumi na moja, nilihesabu kwenye saa. Kisha akatoka mzima, akajitikisa mchanga, akaanza kudonoa mwamba. Kidogo tu amekonda. Nilimwaga kopepodi taratibu na bomba la sindano, akawala mmoja mmoja, anatazama kwanza ndipo anadonoa. Nilimwamsha mke wangu aje amwone. Saa nne na nusu akarudi pale pale kona ya kushoto akazama.

Jana katoka saa mbili usiku, saa moja na dakika hamsini mapema zaidi, akakaa nje dakika arobaini.

Mtoto wa Kizingitini, 14 Januari

Alhamdulillahi. Sasa usimbadilishie chochote. Chakula kiwepo saa ileile anayotoka, hata kama ni usiku, na taa ya buluu ibaki mpaka atakapozama mwenyewe. Atajivuta kuelekea mchana wako siku baada ya siku, na huenda ikachukua wiki mbili. Akianza kutoka taa kubwa zikiwa zinawaka, mlishe mara nne kama nilivyoandika juu.

Na wavu, Kaka. Hujatuambia juu umefunika kwa nini.

Kaka wa Minnesota, 14 Januari

Vioo viwili, na nyuma kuna nafasi ya waya. Natoka sasa hivi kwenda kununua fremu.